Onyesho Lililokosa Chungu

"Na chungu kiko wapi?"

Ndivyo Bi Mwanawetu alivyomwuliza Edina asubuhi ile, wakiwa wamepanga ndoo zao bombani. Edina, msichana wa darasa la sita, alikuwa amemwamkia vizuri na kumkaribisha kwenye onyesho la mjomba wake siku ya Jumamosi. Bi Mwanawetu alikuwa jirani yao, nyumba zao zimetenganishwa na ua wa mabua tu. Alisikiliza mpaka mwisho, ndipo akauliza, tena bila ubaya wowote.

"Chungu gani, bibi?"

"Ala! Si mnaita watu waje na kazi zao? Mimi nije nitwange, mwingine aje na jembe lake. Sasa anayeita watu kazini si hupika? Au siku hizi mambo yamebadilika?"

Lilikuwa swali la haki. Huku kwetu, tangu Nachingwea mjini mpaka Marambo na Kilimarondo, mtu akialika majirani wamlimie shamba, huamka alfajiri kuteleka. Watu hulima, na jua likipanda hukaa chini wakala pamoja. Anayewaita bila kuwasha moto huchekwa mpaka masika ya mwaka unaofuata.

Lakini onyesho la Mjomba Eustakio halikuwa shamba. Mjomba alisomea sanaa Bagamoyo, akarudi na wazo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Alitaka onyesho lisilo na waigizaji. Watu wenyewe waje ukumbini na vyombo vya kazi zao, kila mmoja aifanye kazi yake kimya kimya, na wengine wapite wakiitazama mikono yake kama vile hawajawahi kuiona. "Ni la kujaribu," alisema. "Hata mimi sijui litakuwaje." Aliandika tangazo kwa rangi kwenye kiroba, akalitundika sokoni: WOTE KARIBUNI. LETENI KAZI YA MIKONO YENU.

Mwezi uliotangulia alijaribu Ruangwa. Walikuja wazee wawili, na mbuzi aliyeingia mwenyewe. Mjomba aliisimulia habari hiyo huku akicheka, lakini baadaye Edina alimkuta nyuma ya nyumba ameketi peke yake, ugali umepoa mbele yake. Edina alimpenda sana mjomba wake. Baba alipofariki, yeye ndiye aliyemnunulia sare za shule, na yeye ndiye aliyekimbia nyuma ya baiskeli akimshikilia mpaka akajua kuendesha. Hakutaka kumwona tena katika hali ile.

Basi pale bombani ulimi ukamtangulia.

"Chungu kipo, bibi. Kutakuwa na wali na nyama ya mbuzi."

Uso wa Bi Mwanawetu ukafunguka. "Hapo sasa! Nitakuja na mjukuu wangu Nuhu. Siku nyingi hajaonja nyama, masikini."

Maneno ya bombani hayalali huko. Kufika jioni, mama mmoja sokoni akamwita Edina kwa sauti, "Wewe, mtoto wa Valentina! Ni kweli kuna wali?" Edina akajibu, "Ni kweli, mama." Kesho yake akaulizwa na wengine, akaitikia tena. Kila alipoitikia, neno lilitoka kwa wepesi zaidi, na kifua chake kikazidi kuwa kizito. Hata kanisani aliona vigumu kuinua macho.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wabanguaji wa korosho walikaa sakafuni, mikono yao imepakwa majivu ili utomvu usiwaunguze. Msusi wa mikeka alitandaza ukindu. Jumaa, fundi baiskeli, aliipindua baiskeli juu chini akaanza kunyoosha tairi. Hakuna aliyesema neno. Watu walipita polepole, wakainama, wakatazama. Mzee mmoja alisimama mbele ya mikono ya mke wake iliyokuwa ikisuka, akakaa hapo muda mrefu kana kwamba ndiyo kwanza wamejuana.

Mjomba Eustakio alikwenda huku na huku, machozi yakimlenga. Alimshika Edina bega, akanong'ona, "Unaona, mama? Wamekuja!"

Edina alikuwa anamtazama Bi Mwanawetu, ambaye alikuwa anatwanga kwenye kona, na mjukuu wake Nuhu amejiegemeza ukutani. Kando ya kinu palikuwa na kapu, na ndani ya kapu sahani mbili za bati.

Jua lilipofika utosini, watu wakaanza kuchungulia dirishani. Hapakuwa na moshi. Nuhu akaanza kulia kwa sauti ndogo. Mwishowe Jumaa akaweka spana chini, akamgeukia Mjomba.

"Mwalimu, kazi tumefanya. Huyo mbuzi bado anatembea kutoka Ruangwa?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mjomba naye akacheka kidogo, hakuelewa.

"Mbuzi gani, ndugu yangu?"

"Mbuzi wa wali! Watu hawajawasha moto nyumbani tangu asubuhi."

"Mimi sikuahidi chakula."

Kicheko kikakatika. "Hee! Sasa anatugeuka," mama mmoja alisema. Jumaa akakunja uso. "Kumbe ndivyo mlivyofundishwa huko Bagamoyo? Kuwadanganya watu wazima?"

Mjomba alisimama, uso wake kama ule wa siku ile alipoketi peke yake nyuma ya nyumba. Edina aliona wazi kwamba yeye mwenyewe akinyamaza, hakuna atakayejua. Mjomba ndiye angeubeba mzigo, na kesho jina lake lingekuwa kichekesho cha mji mzima.

Alijipenyeza mpaka katikati.

"Si yeye. Ni mimi. Mjomba hajui chochote. Nilisema kuna wali ili mje."

Wengine walisonya. Wengine walikusanya vyombo vyao wakaondoka wakinung'unika, na hakuna aliyewazuia. Mjomba alimtazama mpwa wake bila hasira, na hilo ndilo lililomliza.

Mama yake, Valentina, alikuja akasimama mbele yake. Edina alingoja kofi. Halikuja.

"Futa machozi. Nenda nyumbani, kalete makopa yaliyo kwenye kapu darini, na karanga za mbegu."

"Mama, za mbegu?"

"Za mbegu. Na utatwanga wewe, hapa hapa, mbele ya watu uliowaita."

Edina alikimbia, akarudi na mzigo kichwani. Bi Mwanawetu alimpisha kwenye kinu. Edina akatia vile vipande vya muhogo mkavu, akaanza kutwanga. Watu waliobaki walimzunguka wakamtazama kimya, kama walivyoagizwa kutazama tangu asubuhi. Unga ulipaa ukamwingia puani na kwenye nyusi. Viganja vikaanza kuwaka moto. Mchi ulipomponyoka mara ya pili, mkono mwingine uliudaka.

Alikuwa Jumaa. "Pumzika, binti. Mimi nina mikono ya chuma."

"Ya kutwanga hiyo?" mwanamke mmoja akamcheka. "Utavunja kinu cha watu! Lete hapa." Akaja na mchi wake, mwingine naye akaja na wake, wakatwanga kwa kupokezana katika kinu kimoja, mmoja akiinua mwingine akishusha. Waliokuwa mlangoni wakarudi kutazama. Mama yake Edina alichekecha unga, Mjomba akachochea moto nje, na haukupita muda mrefu watoto walikuwa wanakunywa uji wa muhogo wenye karanga, watu wazima wakingoja zamu yao.

"Mwalimu," Jumaa alisema huku akilamba kidole, "Ruangwa unarudi lini? Niende na baiskeli yangu. Lakini safari hii waambie mapema kwamba wale kwao kwanza!"

Mjomba akacheka, kicheko cha kweli.

Edina alimpelekea Bi Mwanawetu uji kwa mikono miwili, akapiga magoti. "Nisamehe, bibi."

Bi Mwanawetu hakuupokea mara moja. "Unajua kilichoniuma? Si nyama. Ungeniambia, 'Bibi, chungu hakipo, njoo hivyo hivyo,' ningekuja. Mimi ni jirani yenu. Ningempikia Nuhu uji wake asubuhi, tukaja tumeshiba. Uongo wako haukunileta hapa, mjukuu wangu. Ulichofanya ni kumshindisha mtoto na njaa tangu asubuhi. Mtu akikuuliza neno, mwambie lilivyo, hata kama ni dogo, hata kama hana kitu cha kukupa. Atachagua mwenyewe. Na hapo ulipotoka mbele ya watu ukasema 'ni mimi', hapo nilimshukuru Mungu kwa ajili yako."

Akaupokea uji, akamnywesha Nuhu, naye akanywa uliobaki. Kisha akashika pindo la kanga yake, akamfuta Edina unga usoni, shavu moja, kisha la pili. Akampandisha Nuhu mgongoni, akamfunga, akatoka nje.