Dawa ya Tangi la Mlimani

Saa 2:40 asubuhi. Chumba cha nyuma cha karakana ya kuchomelea vyuma. Watu watatu, meza moja, ramani ya chaki.

Koleo alikuwa fundi wa pampu miaka kumi na minne. Mwaka jana mkurugenzi wa maji aliamuru king'ora kinacholia dawa ya maji ikipungua kizimwe, eti kelele zake zinamkera. Siku tisa maji yalitoka bila dawa. Binti wa Koleo, miaka sita, akayanywa. Akaharisha siku mbili, akafa. Kisha bosi akasema fundi ndiye aliyezembea, akamfukuza kazi udongo wa kaburi haujakauka. Binadamu wengine hata shetani huwaonea haya.

"Leo siku ya wananchi," Koleo alisema. "Wafanyakazi wote wako kwenye maturubai wanamsikiliza bosi. Chumba cha mitambo kina mtu mmoja."

"Huyo niachieni mimi," alisema Shangazi.

Ni mdogo wake Koleo, mwajiriwa wa idara ya maji. Kazi yake kuzunguka mitaani na maofisini, kufundisha watu wasidanganywe na matapeli wa simu, wasigawe neno la siri hovyo. Binti marehemu alimwita shangazi, na mtaa mzima ukafuata.

"Tunachukua nini hasa?" aliuliza Waya, mtu wa kompyuta.

"Amri ya bosi ya kuzima king'ora. Imo kwenye mashine. Tunanakili, tunatoka, tunaianika."

"Na hakuna kingine, kaka?" aliuliza Shangazi.

"Kingine kipi?" Koleo alisema, akifuta chaki mezani.

Saa 4:15. Shangazi alimwambia mwendeshaji mitambo anaitwa kwenye picha ya pamoja. Jamaa akatoka mbio huku anachana nywele. Koleo na Waya wakaingia, beji za wageni shingoni.

Saa 4:22. "Ipo," alisema Waya. "Na jina lake chini." Shangazi akaipokea flashi, akaifutika kifuani.

"Haya, twendeni."

Koleo hakusogea. Alikuwa ameweka bisibisi shingoni mwa Waya.

"Tangi la mlimani. Shusha dawa hadi sifuri. Zima king'ora."

Mlimani ndiko anakoishi bosi na wajukuu zake wawili.

"Kaka, hatukukubaliana hivyo," alisema Shangazi.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu. Leo na yeye aonje."

"Kuna watoto kule."

"Na wangu alikuwa nani? Mbuzi?"

Waya alibonyeza. Namba kwenye skrini ikashuka mpaka sifuri.

Saa 4:26. Simu ya ukutani ikalia.

Koleo alishtuka. Enzi zake simu ile haikulia. Lakini baada ya msiba Shangazi aliweka sharti: dawa ikishuka, mlinzi wa tangi asiiamini skrini. Apige simu, aulize kwa sauti nani kaamuru. Aliwakaririsha hadi wakamchoka.

"Taja jina la mwendeshaji," Koleo alisema. "Sema ni majaribio. Mdogo wangu, nakuomba. Kwa ajili yake."

Shangazi ndiye aliyemsuka yule mtoto mara ya mwisho. Alitamani kumrarua bosi kwa meno na kucha, pengine kuliko kaka yake. Akanyanyua simu.

"Aliyeamuru ni Koleo," alisema. "Fungua dawa kwa mkono. Na uite walinzi."

Waya alitorokea dirishani. Koleo alibaki anamtazama dada yake, bisibisi mkononi, mpaka mlango uliposukumwa.

Saa 4:41. Walinzi walimpitisha Koleo kando ya maturubai. Bosi alikuwa kwenye kipaza sauti, anahubiri usalama wa maji. Nyuma yake, kwenye kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha, amri ile ya kwenye flashi: *Zima king'ora cha dawa. Kinasumbua.* Tarehe. Jina lake.

Watu walikuwa wanasoma kwa sauti. Mama mmoja, naye aliyezika mwaka jana kwa maji yaleyale, alivua kiatu. Bosi akageuka, akasoma, akaamuru mashine izimwe. Kompyuta iliyorusha maandishi ilikuwa mapajani mwa Shangazi, aliyetangulia na flashi, ameikumbatia kwa mikono miwili, na wanawake wa mtaani kwake wamemzunguka.

Askari walipofika, Shangazi aliwanyooshea mikono mwenyewe. "Mlango niliwafungulia mimi."

Yeye na Koleo wakapakiwa gari moja.

"Umeniuza," alisema Koleo.

"Nimekuuza, kaka. Wale wajukuu hawakuzima king'ora."

Koleo alitazama nje. Umati ulikuwa umemziba bosi, haonekani. Kipaza sauti tu ndicho kilichokuwa kinamtangaza, sauti imekauka, anaomba maji ya kunywa. Hakuna aliyempa.