Namba Iliyobaki Kwenye Skrini

Kila asubuhi kabla ya kengele, Debra aliingia chumba cha kompyuta kusoma kina cha mto uliopita nyuma ya shule yao, karibu na Ahero. Kipimo kilisimama majini, waya wake ukafika hadi kwenye kompyuta. Debra aliandika namba kwenye ubao wa langoni, na majirani waliisoma ndipo waamue kama watahamisha ng'ombe na watoto.

Asubuhi hiyo skrini ilisema sentimita themanini, sawa na jana. Mara Debra akaona waya unaning'inia. Jana jioni aliuchomoa ili achaji simu, akasahau kuurudisha. Usiku kucha mvua ilinyesha milimani, na ile themanini bado ilimkodolea macho, kama sauti ya mtu aliyekwisha kuzikwa.

Sauti hiyo aliijua. Mwaka juzi mafuriko yalimchukua Selpha, mwenzake wa dawati moja. Hadi leo, mwalimu akiita majina, Debra humsikia akiitika.

Akauchomeka waya upesi. Namba haikutikisika.

"Madam wa mto, andika basi, watu wanangoja," Calvince wa darasa lake alimtania mlangoni.

Debra aliogopa kunyang'anywa kazi ile akisema alichomoa waya. Akaandika themanini.

Langoni alisimama Mama Maximilla, mamake Selpha, na kitoto mgongoni. "Debra nyathina, mwanangu, maji yanasemaje leo?"

"Themanini, Mama."

"Basi huyu nitamwacha alale kwa nyumba, nichume mboga."

Debra alihisi mtu amepumua shingoni mwake. Akageuka, hakuna mtu.

"Mama, usimwache. Sijui maji yako wapi. Nimekudanganya."

Alikimbia kwa Mwalimu Oduor wa kompyuta, akamweleza yote. Mwalimu akaizima kompyuta na kuiwasha upya: mia mbili na kumi. Kengele ikapigwa bila kukoma, watu wakapanda kanisani kwenye mwinuko. Saa sita mchana maji yaliingia jikoni kwa Mama Maximilla, yasimkute mtu.

Maji yalipopungua, Mwalimu alimkalisha Debra mbele ya kompyuta.

"Kuna programu ndogo inayosikiliza kipimo. Inaitwa dreva. Waya ukichomolewa, inapaswa iache kusoma, iachilie nafasi iliyoshika kwenye kompyuta, iseme kipimo hakipo. Ukirudishwa, ianze upya. Hii niliiandika vibaya, ikawa inarudia neno la mwisho tu. Kosa hilo ni langu, na leo tutalirekebisha."

"Hata mimi nilirudia tu, Mwalimu."

"Ulirudia, halafu ukakiri. Usiogope kusema hujui, mwanangu. Anayeambiwa hakuna habari atakwenda kuuangalia mto mwenyewe. Anayepewa habari iliyokufa hulala."

Akamwachia kiti aandike mstari wa kwanza wa marekebisho.