Magoti ya Mkunga

Soko la vipuri siku ya Jumamosi halina adabu. Watu wanakanyagana vidole, redio tatu zinaimba nyimbo tatu, na kila muuzaji anaapa kwamba kipuri chake kimetoka kwenye pikipiki ya mwalimu mstaafu aliyeiendesha Jumapili tu. Humo ndimo mikono miwili ilimokutana juu ya kioo kimoja cha pembeni, cha duara, chenye nikeli isiyo na kutu hata ya kusingiziwa.

Mkono wa kwanza ulikuwa na rangi ya buluu chini ya kucha. Mwenyewe alikuwa msichana mrefu aliyevaa ovaroli iliyokunjwa mikono, kilemba cha manjano na hereni ndogo za fedha. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi magari na pikipiki, na gerejini walimwita Msasa kwa sababu mbili: msasa haukumtoka mkononi, na ulimi wake nao ulikuwa wa kukwaruza. Mkono wa pili ulikuwa msafi mno, wa kijana mwenye macho ya upole na shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakosa raha.

"Kaka, achia," alisema Msasa.

"Dada, mimi nilikiona kwanza."

"Macho hayanunui. Pikipiki yako ni gani?"

"Honda ya silinda mbili. Imenizidi umri."

"Basi si chako. Hiki ni cha Yamaha, upande wa kulia. Skrubu yake hufungwa kinyume na skrubu zote. Kwako kitakataa."

"Chuma hakiwezi kukataa."

"Twende ukione kikikukataa mbele ya watu."

Wakatoka, na wambea watano nyuma yao. Honda ilikuwa imeegeshwa kivulini, nyekundu iliyofifia, tangi lake refu kama tumbo la samaki aliyeshiba. Kijana alizungusha kioo kulia, hakikushika. Akakitoa, akapuliza, akazungusha tena, hakikushika. Wambea wakacheka. Kijana akafuta jasho kwa leso, akamrudishia Msasa kioo kwa mikono miwili.

"Kweli kimekataa," alisema. "Na wewe je? Nikikuomba namba ya simu, utakataa?"

Msasa akamtajia namba, tena polepole, asije akakosea tarakimu.

Kijana huyo alikuwa fundi wa meno ya bandia. Shangazi yake Msasa, mwenye ile gereji, mama mnene wa vicheko aliyependa kusikiliza simu zisizomhusu, alimpachika jina la Meno kabla hata hajamwona.

"Umekula, laazizi?" Meno aliuliza kwa simu kila adhuhuri.

"Nimekula vumbi la rangi. Na wewe?"

"Nimemaliza meno ya juu ya bibi mmoja. Akayavaa, akajitazama, akaniambia nimemrudishia umri wa kuolewa."

"Mwambie akae mbali. Mimi nina bunduki ya rangi, na shabaha ninayo."

"Wivu huo, moyo wangu?"

"Wivu? Mimi? Ni taarifa tu."

"Mapenzi na kikohozi havifichiki!" Shangazi alipaza sauti kutoka nyuma ya mlango, na Meno akamsalimia huko huko.

Jumapili walitoka na kundi la wapenzi wa pikipiki za Kijapani za zamani, watu wazima wenye vitambi na furaha ya watoto. Yamaha ya Msasa ilichanganya oili na petroli, ikaacha wingu la buluu barabara nzima. Honda ya Meno ilikwenda kwa mlio mzito, wa mfululizo, ambao Msasa aliusikia kifuani kabla haujafika masikioni. Ukipanda pikipiki ya namna hiyo huna kompyuta ya kukufikiria. Unaisikiliza, unajua inataka gea gani, unajua leo imeamka vibaya. Upepo unaingia kwenye mikono ya shati, harufu ya petroli na nyasi iliyokatwa inakupita, na shida za wiki zinabaki nyuma zikikutafuta.

"Mpenzi, yako inavuta sigara," Meno alimtania walipopumzika kwenye kituo cha mafuta.

"Na yako inaguna kama mzee aliyenyimwa chai."

Kila waliposimama, Meno alitoa leso akalifuta tangi la Honda, taratibu, upande huu na upande ule. Pande zote mbili rangi ilikuwa imelika hadi chuma, mabaka mawili yenye ukubwa wa kiganja. Msasa aliyatazama mabaka hayo kama daktari anavyomtazama mtu anayekohoa kwenye basi. Mikono ilimuwasha.

"Ilikuwa ya marehemu mama," Meno alimwambia siku moja, akanyamaza hapo hapo. Ndivyo alivyokuwa. Kwa jambo dogo maneno chungu nzima, kwa jambo kubwa mdomo ukafungwa.

Mwezi huo tangi likaanza kuvuja. Kitundu chini kabisa, kidogo kama cha sindano. Meno alikuwa anasafiri kwenda mafunzo ya kazi mji mwingine, akamwachia Msasa pikipiki.

"Nizibie tundu, kipenzi. Wewe tu ndiye ninayekuamini nayo."

Maneno hayo yakamlewesha. Alilijaza tangi maji ili mvuke wa petroli utoke, akaliziba tundu kwa risasi ya kuyeyusha, kazi ikaisha asubuhi moja. Ilipaswa kuishia hapo. Lakini akalizungusha tangi mikononi, akayaona yale mabaka.

"Alikwambia nini mwenyewe?" aliuliza Shangazi, aliyemjua mtoto wa kaka yake.

"Nizibe tundu."

"Umeziba?"

"Nimeziba."

"Basi lifunge tangi mahali pake, tunywe chai."

"Shangazi, mtu unayempenda akikuletea shati limekatika kifungo, na viwiko vimetoboka, utashona kifungo umwachie viwiko?"

"Kwanza nitamuuliza."

"Nikimuuliza si zawadi tena."

Heri angeuliza. Alilichubua tangi lote mpaka likabaki jeupe. Rangi ya asili alikuwa ameipata chini ya nembo, mahali ambapo jua halikufika miaka yote hiyo: nyekundu ya peremende, ile inayowaka kwa ndani. Akachanganya, akajaribu, akamwaga, akachanganya tena. Alipaka fedha kwanza, kisha wekundu mwepesi juu yake, tabaka kwa tabaka, kisha vanishi, akisugua kwa maji kila tabaka likikauka. Hakuwahi kupaka vizuri vile. Kila mkono ulipopita, ulisema nakupenda, na yeye aliamini mwenye tangi atasikia.

Meno alirudi na begi begani, akapita gerejini kabla ya kufika kwake. Msasa alikuwa amevaa gauni la kijani, kwa mara ya kwanza mafundi wakajua kwamba ana miguu. Akavuta shuka kwa madaha.

Meno alitabasamu, lakini macho yake yalibaki vilevile. Akasogea, akaweka viganja viwili pande zote za tangi, akapapasa kama mtu anayetafuta swichi gizani.

"Ni nzuri sana," alisema hatimaye. "Umechoka sana. Asante."

Hakuipiga hata kiki. Aliisukuma kwa mikono hadi barabarani, akaisukuma hadi kona, akapotea nayo. Msasa akabaki na shuka mkononi.

Simu zikawa kavu.

"Jioni tuonane?"

"Niko kazini."

"Na kesho?"

"Kazini."

Zikawa kavu, kisha zikakatika. Msasa alikasirika. Kazi bora kuliko zote alizowahi kufanya, halafu mtu ananuna! Alifuta namba ya Meno kwenye simu, jambo lisilomsaidia chochote, kwa kuwa alikuwa ameihifadhi kichwani. Gerejini akawa mkali hadi makopo ya rangi yakamwogopa. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anaumia, na kila pikipiki iliyopita nje na mlio mzito ilimfanya ainue kichwa.

Mwisho akampigia dada mkubwa wa Meno, aliyekuwa ameshaanza kumwita wifi.

"Wifi, nimemkosea nini ndugu yako?"

"Hakukwambia? Mama yetu alikuwa mkunga. Akiitwa, anakwenda, iwe mvua iwe jua. Barabara mbovu, mkoba mgongoni. Ile pikipiki aliibana kwa magoti isimtupe. Magoti yake ndiyo yaliyokula rangi. Alipofariki, mdogo wangu alikuwa anakwenda kuinamisha paji la uso pale pale, analia huko ili sisi tusimwone."

Msasa alikaa juu ya kopo la rangi, likiwa wazi, ovaroli ikalowa rangi asijue.

"Mimi nilipoiona na rangi yako nilipiga kigelegele," dada aliendelea. "Naikumbuka siku mama alipokuja nayo, inang'aa hivyo hivyo. Lakini yeye hakuwa amezaliwa. Mama anayemjua yeye ni wa yale mabaka."

"Kwa nini hakuniambia?"

"Wewe ulimuuliza?"

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini fundi rangi hukubali kwa shida kwamba kuna kitu asichoweza kukirudisha. Msasa alirudi sokoni, akapata tangi bovu la Honda ya aina ile ile, akalipaka wekundu ule ule. Kisha akachukua msasa laini na maji, akaanza kulichubua ubavuni, polepole, kingo zikififia kama ambavyo goti lingefifisha. Wazo lake lilikuwa kulibadilisha kimyakimya. Upande wa kushoto ulipokamilika, ulifanana na wa zamani hata akaogopa. Mkono ukasita. Akaufungia ule msasa kwenye droo, akalifunga tangi kwa kitambaa, akawasha Yamaha.

Karakana ya Meno ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha kubwa na rafu zilizojaa meno ya plasta, yaliyomchekea mgeni kabla mwenyeji hajasalimu. Meno alisimama alipomwona. Alikuwa amekonda, na kwa mara ya kwanza shati lake halikupigwa pasi.

Msasa aliweka tangi mezani, akalifunua.

"Nimekuletea uongo wangu," alisema. "Nililiokota sokoni, nikalichubua lifanane. Nilitaka nikubadilishie usijue. Halafu nikaona haya si magoti ya mama yako, ni kidole gumba changu. Nimefuta kitu nisichoweza kukirudisha, na nusura nikudanganye juu yake. Nisamehe. Nakupenda, na nimeshindwa kukupenda kwa kukuuliza."

Meno aliligeuza tangi kwenye mwanga. Akapitisha kidole juu ya baka.

"Kazi yangu ni bandia," alisema. "Ningeijua siku hiyo hiyo. Halafu mama alikuwa mfupi. Goti lake lilifika hapa, chini kidogo."

Akacheka, kicheko kikageuka kilio katikati ya njia. Msasa hakujua aiweke wapi mikono yake, kisha akajua. Alimkumbatia mpaka vumbi la plasta likahamia kwenye ovaroli.

"Na mimi nisamehe," Meno alisema begani kwake. "Sikukwambia, kisha nikakuhukumu kwa nisilokwambia. Hasira zenyewe zilikuwa za kumkosa mama, wewe ukazipokea."

"Umeipanda tangu siku ile?"

"Hata kiki sijapiga. Jana dada alikuja akaifunua. Akaniambia siku mama alipoinunua, aliogopa kuigusa isije ikaingia alama za vidole. Mama yangu! Mtu asiyeogopa radi wala mbwa wa watu! Mama huyo, mwenye kitu kipya na roho juu, sikuwahi kumjua. Wewe umenionyesha."

Akamshika mkono, wakatoka nje. Honda ilikuwa chini ya turubai. Meno alipiga kiki, ikakohoa. Akapiga tena, ikaitika, ule mlio mzito ukajaa uani na Msasa akausikia kifuani.

"Haya, kaa," alisema Meno.

"Nikae nyuma?"

"Mbele. Tangu mama, mbele nimekaa mimi peke yangu."

"Nikiikwaruza je?"

"Ikwaruze. Mama ilimchukua maisha yake yote kuimaliza rangi ile. Hii nataka uimalize wewe. Unanielewa?"

"Sikuelewi. Mambo makubwa unayasema nusu nusu. Leo sema lote."

"Uwe mke wangu."

"Injini inapiga kelele, sisikii."

"Uwe mke wangu!" alipaza sauti, hadi madirisha mawili ya jirani yakafunguka.

Msasa alipanda, akamsubiri Meno akae nyuma na kumshika kiuno, akaingiza gea ya kwanza, kisha akalibana tangi kwa magoti yote mawili.