Maji ya Kung'ata

Aliyeukuta mwili wa Don Librado Ocampo alikuwa polisi, ila siku hiyo polisi mwenyewe alikuwa amevaa kaptula, ana medali shingoni, na alikuwa ameshuka ngazi za stesheni ya Portales kinyumenyume, kwa sababu mapaja yalikuwa yamegoma.

Ilikuwa Jumapili ya marathoni, saa nane mchana. Inspekta Refugio Zaldívar, mwanamke ambaye mtaa mzima unamwita Cuca, alikuja kwenye duka la mikate la Don Librado kama wanavyofanya wakimbiaji wote wa klabu yao kila mwaka: kuoga, kubadilisha nguo, kisha kukaa mezani kula supu ya mahindi na kusimuliana uongo. Mlangoni alimkuta Doña Eduviges, dada yake Don Librado, anakata figili za kutia kwenye supu.

"Ulikuwa unakunywa au unaoga?" Eduviges alimuuliza, akilitazama doa la kinywaji cha machungwa lililotapakaa kifuani.

"Usinicheke, dada. Plastiki wameipiga marufuku, mwaka huu wametugawia vikombe vya karatasi. Tulizoea vile vifuko vya maji: unang'ata kona, unafyonza, unasonga. Leo njia nzima maji yananiingia puani. Kaka yako yuko wapi?"

"Amelala juu. Alifunga duka saa mbili asubuhi, akasema asisumbuliwe mpaka mrudi. Nyonga inamuuma, na kukosa mbio kumemnunisha."

Cuca alipita nyuma kuchukua mfuko wake wa nguo. Don Librado alikuwa kwenye chumba cha kukandia unga, kifudifudi, chini ya meza. Kisogoni palikuwa na pigo moja. Kando yake ilikuwa imelala ile sepeto ndefu ya mbao ya kutolea mikate tanurini, imevunjika mpini. Gunia la unga lilikuwa limepasuka na kumwagika sakafu nzima. Mlango wa mbele Eduviges aliukuta umefungwa, akaufungua kwa ufunguo wake aliporudi kutoka kanisani na sokoni saa tano. Wa nyuma ulirudishwa tu, haukutiwa ufunguo, na ufunguo wake ulikuwa unaning'inia palepale nyuma ya picha ya mtakatifu iliyotundikwa nje ukutani, mahali ambapo kila mwanachama wa klabu alipajua.

Daktari alisema marehemu aliuawa kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Saa hizo klabu yote ilikuwa barabarani, katikati ya watu elfu thelathini, kila mmoja ana chipu kwenye kamba ya kiatu inayoandika muda wake kila akanyagapo mkeka wa kupimia. Ushahidi wa namna hiyo hata wakili wa bei kali hakupatii.

Nje ya familia, aliyejua ufunguo huo na hakukimbia alikuwa mmoja tu: Nabor Xolalpa, mfanyakazi wa tanuri.

*

"Jana alifukuzwa mbele ya wateja," alisema Kamanda Arrieta, mkubwa wake Cuca, mtu ambaye mbio zake zote maishani zilikuwa za kuwahi chakula. "Aliunguza mikate ya tanuri zima. Akajibu kwamba ulimi wa mzee siku moja utamkaba mwenyewe. Leo saa tatu muuza magazeti amemwona mlangoni. Viatu vyake vimejaa unga. Unataka nini tena?"

Nabor aliketi mbele yao, mikono mapajani.

"Mimi ni mwoka mikate, mkuu," alisema taratibu. "Ulitaka viatu vyangu viwe na nini, magamba ya samaki?"

"Mlangoni ulifuata nini?" Cuca alimuuliza.

"Radhi. Nilibisha, hakufungua. Nikasema, mzee bado amenuna, nitarudi jioni."

"Ndani ulisikia chochote?"

"Nilisikia mtu anatembea. Ndiyo maana nilijua amenuna. Anatembea na hafungui."

Arrieta alicheka kwa pua. Cuca hakucheka. Kama Nabor hakudanganya, saa tatu mle ndani palikuwa na mtu anayetembea.

Nje kwenye benchi alikuwa amekaa Jacinta, mkewe Nabor, na sufuria ya maharagwe ambayo hakuna aliyemruhusu kuipitisha. Alisimama alipomwona Cuca.

"Wanasema kesho saa kumi na mbili jioni wanampeleka gereza kuu. Kweli, afande?"

"Kama hapatapatikana mwingine, kweli."

"Mjomba wangu alikwenda kule kungoja kesi. Alingoja miaka saba, na hakuwa amefanya kitu. Mwenye wakili anatoka. Sisi tuna maharagwe." Alimtazama Cuca kaptula ile, medali ile. "Wewe unakimbia nao. Kama ni mmoja wenu, utasema?"

"Nitasema."

"Watu husema hivyo," alisema Jacinta, akaketi.

*

Jumatatu asubuhi askari waliopekua nyumba za wanaklabu walileta fulana nyeupe kutoka kwenye ndoo ya kufulia ya Prisciliano Tovar, fundi viatu wa klabu. Kifuani ilikuwa na michirizi miwili ya damu. Arrieta aliitandaza mezani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Kumbe huyu. Basi wapo wawili, yeye na Nabor."

Cuca alicheka, mara ya kwanza tangu jana. "Hizo ni chuchu, mkuu."

"Ni nini?"

"Chuchu. Mwanaume akikimbia kwa saa nne bila kupaka mafuta, fulana inamchubua mpaka damu. Nenda pale mwisho wa mbio utawaona mia, wote kama wamepigwa risasi mbili."

Prisciliano mwenyewe, kwenye kiti, alitoa leso akajifuta paji la uso. Kwa mtu aliyekuwa ameondolewa mashaka, alikuwa analoa sana.

"Muulizeni Ramiro," alisema. "Tulikuwa bega kwa bega tangu mwanzo pale Chuo Kikuu mpaka mwisho, uwanja wa Zócalo."

Ramiro Quezada ndiye aliyekuwa fahari ya Portales. Marathoni tano mfululizo, na kila mwaka medali ni kipande cha tai. Vipande sita vikikamilika, ndege mzima anakaa sawasawa, kichwa na mabawa. Fremu yake ilikuwa imetundikwa kwenye baa ya kona ikiwa na tundu moja lililobaki, na vijana watatu wa mtaa huo wameitwa Ramiro kwa ajili yake.

Waandaaji walituma muda wa wote wawili. Ilikuwa kweli: Ramiro na Prisciliano walikanyaga kila mkeka kwa sekunde ileile, wa kwanza hadi wa mwisho. Arrieta alirudisha karatasi mezani. "Basi hao wametoka."

Cuca aliitazama karatasi hiyo muda mrefu. Katika mbio zile mtu anasimama kukojoa, anafunga kamba, anapigwa kumbo, anambusu mama yake aliyekuja kumshangilia. Hata yeye na kivuli chake wasingekanyaga mikeka yote kwa sekunde moja.

"Nipe mpaka jioni," alisema.

"Una mpaka saa kumi na mbili. Gari likija, naliachia liende naye."

*

Saa kumi alasiri jeneza lilikuwa katikati ya duka, kati ya mishumaa minne, na watu wamejaa mpaka barabarani. Kahawa ya mdalasini ilizunguka. Mikate ilinunuliwa kwa mwoka mwingine, na kila mtu aliyeimega alimwomba marehemu samahani. Arrieta alisimama mlangoni akitazama saa yake.

Ramiro alikuwa ameketi karibu na jeneza, goti limefungwa bendeji, medali mpya kifuani. Watu walikuwa wamemzunguka, mikono mabegani mwake.

"Nilikimbia kwa ajili ya mzee huyu," alikuwa anasema. "Kila kilomita, mzee. Sikujua kumbe huku ameshalala."

"Na goti hilo?" Cuca alivuta kiti, akaketi polepole kwa sababu ya mapaja.

"Liliniuma tangu kilomita ya ishirini, dada. Lakini mguu unakwenda kwa roho."

"Mimi roho iliniishia pale Chapultepec. Jua lile. Wewe ulifanyaje?"

"Pale ndipo penyewe." Ramiro aligeukia watu, alipenda hadhira, na hadhira ilimpenda. "Nilichukua maji mawili. Moja niling'ata nikajimwagia kichwani. La pili nikalichomeka hapa kiunoni, nikalitunza, nikaja kuling'ata kwenye barabara ya Reforma wakati wenzangu wote wana kiu. Huo ndio ukongwe, wanangu."

Wasiokimbia walitikisa vichwa kwa kusifu. Waliokimbia hawakutikisa. Otilia, mshonaji ambaye klabu nzima ilimjua kwa kumaliza wa mwisho, alikuwa na kikombe cha kahawa mkononi. Alikitazama, kisha akatazama kiuno cha Ramiro.

"Kikombe ulikichomekaje kiunoni, Ramiro?" aliuliza. Hakuwa na nia mbaya, alitaka kujua.

Prisciliano, pembeni, alifunga macho.

"Mwaka huu hapakuwa na mfuko hata mmoja," alisema Cuca. "Kilomita zote arobaini na mbili, vikombe vya karatasi. Muulize yeyote hapa mwenye medali."

"Nilijibebea wangu," alisema Ramiro.

"Umesema ulichukua."

"Maneno tu, dada. Mazoea."

"Ndiyo, ni mazoea. Umesimulia ya mwaka jana." Cuca hakupaza sauti. "Prisciliano, fungua macho, nitazame. Kuna mtu anaondoka saa kumi na mbili kwenda jela kwa ajili ya hizo sekunde zenu. Ulivaa chipu ngapi?"

Prisciliano alimtazama maiti kabla ya kumtazama hai.

"Mbili. Kila kiatu na yake. Aliniambia goti limekufa, hawezi, lakini kipande cha sita hawezi kukikosa. Nikasema ni msaada tu. Mimi nishone viatu vya watu miaka yote nishindwe kubeba chipu? Nilimrudishia kabla hatujaingia uwanjani, akaingia nami, tukapigwa picha. Ya Don Librado sikuyajua, Cuca. Naapa mbele yake. Nilipojua, nilikuwa tayari nimekwisha sema bega kwa bega."

"Na saa tatu Ramiro alikuwa wapi?"

"Alisema atajificha mahali asipoonekana mpaka muda ufike."

"Mahali ambapo ufunguo uko nyuma ya picha," alisema Cuca. "Mwenye nyumba yuko juu amelala. Treni ya kutoka hapa inakufikisha Zócalo moja kwa moja. Ila mzee alishuka, akakukuta umekaa kwenye magunia, umevaa nambari kifuani, umekauka kama biskuti. Alisema nini?"

Ramiro aliiona mikono ya watu ikitoka mabegani mwake, mmoja baada ya mwingine. Hicho ndicho kilichomvunja. Arrieta alikuwa bado hata hajasogea.

"Alicheka," alisema. "Angefoka ningevumilia. Alicheka, akasema leo mezani utatusimulia wewe wa kwanza, na mimi nitakaa karibu nisikie vizuri. Nikamwambia mzee, watoto wameitwa kwa jina langu. Akasema basi watabadilishwa. Akageuka akaenda kutengeneza kahawa, anacheka. Kisha mtu akabisha mlango. Mzee akataka kufungua."

"Ukampiga asifungue."

"Sepeto ilikuwa karibu."

"Na aliyebisha alikuwa Nabor, na umekaa siku mbili ukimwacha aichukue kesi yako."

Arrieta alituma askari nyumbani kwake, wakarudi na viatu vya mbio vilivyokuwa vimefichwa chini ya kitanda. Kwenye mifereji ya soli kulikuwa na kitu cheupe, kigumu kama gundi. Unga ukikanyagwa ukapata maji hugeuka donge, na barabara ya marathoni ina kila uchafu, ila donge la mkate haina. Alipofungwa pingu, Ramiro aliuliza kama waandaaji wataandika jina lake gazetini. Otilia alimvua ile medali shingoni, akaiweka juu ya kaunta.

*

Gari la gereza liliondoka bila Nabor. Alikuja kwa miguu, Jacinta mbele na sufuria yake, na umati ukafungua njia. Alifika kizingitini akasimama.

"Ingia," watu walimwambia.

"Siwezi."

"Umeachiwa, mwanangu," alisema Cuca. "Uko huru."

"Najua. Lakini alinifukuza." Alilitazama jeneza kutoka pale nje. "Aliyenifukuza ndiye peke yake aliyekuwa na uwezo wa kunirudisha. Nilikuja jana kumwomba. Sasa nani atanirudisha?"

Arrieta alitazama kofia yake. Jacinta aliiweka sufuria chini akamshika mumewe mkono, lakini hakumvuta.

Doña Eduviges alitoka kando ya kaka yake, akajifuta macho kwa aproni, akaja hadi kizingitini. Alikuwa na uso uleule wa marehemu, na ukali uleule.

"Mikate yote ile uliiunguza kweli?" aliuliza.

"Niliiunguza, mama. Nilisinzia."

"Basi nenda kakande mingine. Watu watakesha hapa, nami siwezi kumzika Librado kwa mikate ya mtu mwingine." Alimtazama mpaka Nabor akainua kichwa. "Na ukisinzia tena, nitakufukuza mimi."

Nabor alivua kofia, akavuka.