Sanduku la Nne la Mzee Abednego

YAH: MAOMBI YA KIBALI CHA KUHAMISHA SANDUKU MOJA (1) LA SANTURI KUUKUU KUMI (10) KUTOKA KIJIJINI KWENDA MPANDA MJINI.

Barua hiyo ilikuwa na mihuri mitatu. Daraja la chini ya kijiji, lililochukuliwa na mvua mwaka juzi, halijapata hata mmoja.

Specioza aliipokea kwa mtendaji wa kijiji jua likizama nyuma ya vilima vya Mwese. Mumewe, Gelasius, karani mstaafu wa masjala, alibaki mjini na magoti yake, ambayo yaliuma kila palipokuwa na safari. Mzee huyo alikuwa na hamu moja tu duniani: kukamilisha masanduku manne ya jazz ya Abednego, mpuliza tarumbeta wa enzi za wazazi wao. Matatu alikuwa nayo. Aliyafuta vumbi kila asubuhi kwa kitambaa laini, na paa la jikoni likivuja.

La nne lilikuwa kwa mjane wake, Bibi Nyamizi.

"Mwanangu," bibi alinong'ona, kifua kikikoroma, "tisa chukua. Ya kumi niachie."

"Kwa nini, bibi?"

"Tupu hiyo. Mzee alikufa hajaipigia wimbo wake. Kila jioni anakuja kuazima pumzi aimalizie... Zangu zinakwisha."

Specioza akaishika. Sahani nyeusi, laini kama kioo, haina mfereji hata mmoja.

Ilikuwa na joto.

Akaiweka chini upesi. Lakini mtendaji, aliyekuja kukagua mzigo, alihesabu, akarudia. "Tisa? Kibali kinasema kumi, mama. Mzigo ukipungua, kibali batili. Nyie wa mjini mnataka nifungwe?"

Zikafungwa kumi kwenye bodaboda. Bibi Nyamizi alisimama mlangoni, akavuta pumzi moja ndefu, safi. Hakuaga.

Njiani dereva aligeuka mara mbili. "Mama, mbona unanipumulia shingoni?"

Specioza alikuwa amejifunga khanga mdomoni kwa ajili ya vumbi.

Nyumbani Gelasius alikuwa ameshawasha mashine ya santuri. Hakumuuliza mkewe kama amekula. "Mama Emelyne, polepole na sanduku!" Alipoelezwa maneno ya bibi, alicheka mpaka miwani ikashuka puani.

"Watu wa porini hao! Pumzi, pumzi... Wewe na miaka yote hii kwangu bado unaamini hayo? Seti pungufu ni takataka."

Akaanza na ya kumi.

Kimya. Mkwaruzo...

Kisha mtu akavuta pumzi.

Hakuwa Gelasius. Hakuwa Specioza.

Chumba kikajaa harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi. Tarumbeta ikalia, tamu ya kuliza, na kila sauti ilipotoka, kifua cha Gelasius kilibonyea. Mashavu yakamtutumka kama ndiye anayepuliza. Midomo ikawa ya kijivu.

"Baba Emelyne! Naizima!"

Gelasius akamtazama. Alielewa vizuri, hilo Specioza angeapa mbele ya padri. Nyuma ya sindano mifereji ilikuwa ikijichora, myembamba, mipya, na sahani ilikuwa imefika nusu.

"Iache..." alinong'ona. "Imalize."

Cheti cha kifo kiliandikwa shinikizo la damu, kwa kuwa fomu ina nafasi ya maneno matatu. Majirani wanasema mke alimroga apate kuuza masanduku. Wanaotoka milimani wanasema Bibi Nyamizi siku hizi anapanda kilima na ndoo kichwani, tena akiimba.

Kilichotokea ni hiki: Specioza alipeleka mkono anyanyue sindano, Gelasius akaukamata kwa nguvu zake za mwisho, akaushikilia mpaka santuri ikaisha, akafa.