Zamu ya Blandina Kwenye Ndiva

Kila siku ya shule Blandina aliamka wakati jogoo wa jirani hajachoka kuwika. Alichota maji, akafagia uwanja, akabandika chai, kisha akamwamsha mdogo wake Gideoni, na hiyo ndiyo iliyokuwa kazi kubwa kuliko zote. Gideoni hulia, hujifunika tena, hudai kaptula yake imepotea na huku ameivaa. Vita hiyo ikiisha, hao njiani, wanateremka kwenda shule pamoja na Dorkas, ambaye huwasubiri penye kona ya mfereji. Blandina na Dorkas walisoma darasa la sita, wakakaa dawati moja, na aliyemtafuta mmoja alimkuta na mwenzake.

Kijiji chao kiko juu kidogo ya Chome, katika milima ya Upare. Wageni wakipanda huku kutoka Same, wakaona ukungu na migomba, hudhani maji hayawezi kutuishia. Waje kiangazi waone. Mfereji unabaki mwembamba, na asiye na zamu ya maji ni sawa na asiye na shamba. Ndiyo maana tuna ndiva, bwawa dogo ambalo mababu walilijenga kwa mawe na udongo. Usiku ndiva hujaa kutoka kwenye mfereji, alfajiri kizibo hutolewa, na maji huenda kwenye shamba la mwenye zamu.

Sheria ya ndiva haina maneno mengi. Kizibo kinapotolewa, mtu wa nyumba yenye zamu awe amesimama pale. Asipokuwepo, maji ni ya anayemfuata. Mwenye udhuru anaruhusiwa kuweka mtu wa kumsimamia, ila jina la mtu huyo alitaje kwa mzee wa ndiva jioni ya kuamkia zamu. Mzee wa ndiva ni Mzee Melkizedeki, na hakuna aliyewahi kumwona akipindisha sheria hiyo, hata kwa wajukuu zake.

Kiangazi hicho Gideoni aliugua nimonia. Mama akambeba kumpeleka hospitali Same. Baba alikuwa tambarare, kwenye mashamba ya mkonge, na alikuja nyumbani mara chache. Basi mama mdogo Honorata, muuguzi wa zahanati ya kijiji, akahamia pale ili Blandina asilale peke yake. Mama aliaga kwa haraka, mtoto mgongoni, akaacha neno moja tu kwamba tangawizi isife. Maharage yao yalikuwa yameliwa na wadudu, kahawa haikuzaa, kwa hiyo tangawizi ile ya kule mteremkoni ndiyo ilikuwa tegemeo lote la nyumba mwaka ule. Blandina alilichukua neno hilo kama kiapo.

Ijumaa moja mama alituma salamu kwamba anahitaji nguo za mtoto na unga wa uji, na Blandina azilete na gari la alfajiri. Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu yao kwenye ndiva. Mama mdogo alikuwa na mzazi aliyekaribia kujifungua zahanati, hakuweza kuondoka. Blandina akaenda mbio kwa Dorkas, akamweleza shida yake.

"Nenda ukamwone mdogo wako," Dorkas alisema. "Nitakusimamia mimi."

Hapo ndipo Blandina alipokosea. Alitakiwa apitie kwa Mzee Melkizedeki akataje jina la Dorkas. Lakini nyumba ya mzee iko ng'ambo ya bonde, giza lilikuwa linaingia, nguo za mtoto zilikuwa hazijakunjwa. Akajiambia kwamba Dorkas ni Dorkas, neno lake linatosha. Akaenda Same na moyo mweupe. Alimkuta Gideoni amefumbua macho na anadai chapati, akafurahi mpaka akalia.

Jumapili, kabla hajafika nyumbani, alipitia shambani. Udongo ulikuwa mkavu, umepasuka, na majani ya tangawizi yamejikunja na kuanza kuwa njano. Hapo chini, maharage ya baba yake Dorkas yalikuwa yamenywa yakashiba, matuta bado yanang'aa kwa maji. Nyumba ya kina Dorkas ndiyo iliyofuata kwenye zamu. Blandina aliangalia juu, akaangalia chini, na akaelewa, ingawa hakutaka kuelewa.

Alimkuta Dorkas uani kwao anasugua sufuria. Akamuuliza kwa nini hakusimama. Dorkas aliendelea kusugua, macho kwenye sufuria.

"Mimi sikukuahidi kitu," akasema.

Jamani, kuna maneno yanayouma kuliko kofi. Blandina aligeuka akaondoka bila kuaga. Jumatatu mambo yakazidi. Darasani ikavuma kwamba Blandina alisahau zamu ya nyumba yao kwa sababu alikuwa anatembea mjini. Dorkas alisikia hayo na hakusema lolote. Alihama dawati, akakaa nyuma.

Blandina alikwenda kulalamika kwa Mzee Melkizedeki, akamwamkia, akaeleza kila kitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Alimwambia kwamba anamwonea huruma, lakini hakutajiwa jina la mtu, na asubuhi ile hakuna aliyejitokeza kwa niaba ya nyumba yao. Zamu nyingine ingekuja baada ya wiki nyingi, na tangawizi haikuwa na wiki nyingi. Blandina akajaribu kubeba maji ya ndoo kutoka chemchemi, akapanda na kushuka mpaka shingo ikakakamaa, lakini udongo uliyameza kama vile hayakuwahi kumwagwa.

Akaanza kuumwa na kichwa. Usiku alilala macho wazi akirudia moyoni maneno ya Dorkas, akitunga majibu makali ambayo angempa. Mchana alisinzia darasani. Chakula hakikupita, hata makande ya mama mdogo, ambayo zamani aligombania ukoko wake. Juu ya yote hayo kulikuwa na hofu ya siku mama atakaporudi na kuuliza habari za tangawizi.

Mama mdogo Honorata alimpeleka zahanati akampima malaria. Hakuwa nayo. Akampima na vingine, navyo havikuonyesha kitu. Ndipo akafunga mlango wa chumba, akamkalisha, akamwambia aseme kinachomla. Blandina akasema yote, na kulia akalia.

Mama mdogo hakumwambia amsamehe Dorkas. Hakumwambia pia kwamba ni jambo dogo. Alimwambia kwamba kichwa chake kinauma kwa sababu kinakesha na mtu mmoja, usiku na mchana, na kwamba dawa yake ni kukipa watu wengine wa kuwafikiria. Kila jioni kabla ya kula, Blandina ataje mtu mmoja aliyemtendea jema siku hiyo, aseme ni jema gani, na kesho yake aende kumshukuru mtu huyo mwenyewe, kwa mdomo wake.

Blandina alikasirika.

"Nishukuru nini, mama mdogo? Nimenyang'anywa maji, nimeitwa mzembe, halafu nishukuru?"

"Hayo usiyashukuru. Aliyekukosea amekukosea, na wala usijidanganye kwamba hakukukosea. Shukuru kingine. Mimi kazi yangu ni kuona watu wakiumwa na wakilia, na nisingeiweza bila kufanya hivi kila siku."

Jioni ya kwanza Blandina alikaa mbele ya sahani akafikiri, kisha akasema kwamba leo hakuna. Mama mdogo akasema sawa, basi leo hakuna, na wale chakula. Blandina alitegemea mahubiri, na kukosa mahubiri kulimshangaza kidogo.

Jioni iliyofuata alikumbuka kwamba mwalimu wa hisabati alimwona amelala darasani na badala ya kumgombeza akafungua dirisha, akamwacha. Akamtaja. Kesho yake alimfuata ofisini kumshukuru, ulimi ukiwa mzito kwa aibu, na mwalimu akabaki anamtazama kama mtu aliyepewa zawadi bila kujua ni sikukuu gani. Siku nyingine, alipokosa jema la siku hiyo, alirudi nyuma akamtaja kondakta wa gari, aliyembebea mzigo mpaka kwenye lango la hospitali siku ile ya kwenda Same. Akamsubiri barabarani ampe asante yake, na kondakta akacheka, akamuulizia hali ya mdogo wake. Polepole Blandina akajikuta mchana kutwa anaangalia watu, anatafuta wa kumtaja jioni. Dorkas hakutoka kichwani, la hasha, lakini sasa alibanwa na wengine. Makande yakaanza kupita kooni. Usingizi ukarudi, kwanza nusunusu, kisha mzima.

Ndipo alasiri moja alipofika shambani akakuta tangawizi imefunikwa. Mtu alikuwa ametandaza nyasi kavu na majani ya mgomba katikati ya mistari yote, kwa ustadi, ili unyevu mdogo uliobaki usikimbie. Blandina aliinua nyasi akagusa udongo, ulikuwa baridi. Siku chache zilizopita angeangalia tu, akainama kwenye hasira zake. Sasa alikuwa na deni la kushukuru, na mtu huwezi kumshukuru usipomjua. Akauliza huku, akauliza kule, mpaka mtoto mmoja akamwambia kwamba ni Bibi Lukia.

Blandina hakuamini. Bibi Lukia wa shamba la juu kijiji kizima kilimwita mkono wa birika. Hatoi hata mbegu ya boga, na watoto humpitia mbali wasije wakatumwa. Lakini ahadi ni ahadi, akaenda, akamwamkia, akamshukuru kwa nyasi na kwa majani.

Bibi Lukia aliitikia marahaba, akakohoa, akasema kwamba nyasi zilikuwa zinamjazia uwanja tu. Kisha akamwambia Blandina akae. Asubuhi ile ya zamu yeye alikuwa pale ndiva anachota maji ya ng'ombe. Alimwona Dorkas amekuja mapema kabisa, peke yake. Baba yake akafika baadaye. Mzee Melkizedeki alipouliza nani amesimama kwa nyumba ya kina Blandina, Dorkas alifungua mdomo. Baba yake akamshika bega, na mdomo ukafungwa.

"Nilidhani hayanihusu," Bibi Lukia alisema. "Tangu hapo kila nikipita kwenye tangawizi yenu naona aibu. Nyasi zile ni za aibu yangu. Mimi niko tayari kusema, lakini ni afadhali aseme yeye."

Blandina aliteremka kumtafuta Dorkas. Kwamba Dorkas alikuja mapema, alikuja kwa ajili yake, halafu akanyamaza, jambo hilo lilimuuma upya. Alimkuta Dorkas kisimani. Yale majibu makali aliyoyatunga usiku yote yalikuwepo, tayari mdomoni. Lakini kichwa chake kilikuwa kimetulia, akachagua maneno machache. Akamwambia kwamba anajua alikuja mapema na kwamba alishikwa bega. Akamwambia pia kwamba tangawizi inakufa, na kama ikifa, mama yake hatakuwa na kitu.

Dorkas aliweka ndoo chini. Alisema kwamba baba yake alimwonya asiseme, kwamba maharage yao pia yalikuwa yanakauka, na kwamba kila alipomwona Blandina aliona aibu, na aibu ikamfanya aseme uongo juu ya uongo. Blandina alimsikiliza mpaka mwisho, akashika njia ya nyumbani.

Jumamosi ilipigwa mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe. Siku hiyo ilikuwa ya kusafisha mfereji. Watu walipokusanyika kando ya ndiva na Mzee Melkizedeki alipoanza kugawa kazi, Dorkas akatoka upande wa wanawake, akasimama mbele yake. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi watu wanyamaze wamsikie.

"Shikamoo, mzee. Siku ile nilikuja kumsimamia Blandina. Aliniomba, nikakubali. Nikanyamaza, maji yakaenda kwetu."

Baba yake Dorkas aliangalia jembe lake. Bibi Lukia akasema kutoka nyuma kwamba mtoto amesema kweli, naye aliona. Mzee Melkizedeki aliwaita wazee wa kamati ya maji pembeni, wakateta. Walimkumbusha Blandina mbele ya watu wote kwamba aliruka desturi kwa kutotaja jina, na akakubali kosa lake. Kisha, kwa kuwa nyumba haiwezi kunufaika kwa kumnyamazisha msimamizi wa mwingine, wakatoa uamuzi kwamba zamu inayokuja ya nyumba ya kina Dorkas itakwenda kwenye tangawizi. Nyumba hiyo ina mashamba mawili, kwa hiyo ina zamu mbili katika kila mzunguko, na ya pili ilikuwa keshokutwa.

Alfajiri ya siku hiyo Blandina alisimama kwenye ndiva mwenyewe. Kizibo kikatolewa, maji yakashuka kwa kishindo, akakimbia nayo mteremkoni na jembe mkononi. Huko chini alimkuta Dorkas tayari ameshafungua matuta. Walifanya kazi mpaka jua likatoka, kila mmoja mstari wake, bila kuzungumza. Tangawizi ikanywa.

Jioni Blandina alikaa mbele ya makande na mama mdogo. Akauliza kama ni lazima amshukuru mtu aliyemsaliti.

"Si lazima," mama mdogo Honorata alisema. "Kushukuru si kufuta kosa la mtu, Blandina. Mtu akikugeuka, uchungu unataka uamini kwamba dunia nzima imekugeuka. Huo ndio unaokunyima usingizi. Ukishukuru kila siku, unajikumbusha kwamba si kweli. Ungebaki kitandani na hasira zako, ungemfuata Bibi Lukia?"

Blandina alitikisa kichwa. Akafikiri tena.

"Basi leo namtaja Dorkas," akasema. "Kwa kusema mbele ya baba yake. Hilo namshukuru, na kesho nitamwambia. Lile lingine bado linaniuma."

"Liache liume kwa muda wake," mama mdogo alisema, akamsogezea bakuli. "Sasa kula."