Jumbe Kumi za Shangazi Mwanamvita

Kila asubuhi ya likizo, Nasima alifagia ua, akaosha vyombo vya chai, kisha akaketi kando ya shangazi yake, Mwanamvita, katika chumba cha mbele cha nyumba yao mjini Voi. Mwanamvita aliandika programu za kompyuta. Nasima, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa akijifunza kwake Go, mojawapo ya lugha za kuandikia programu.

Wiki hiyo shangazi alikuwa na kazi ya chama kimoja cha wafugaji huko Werugha, mlimani. Kila tangi la kupozea maziwa lilikuwa na kifaa cha kutuma vipimo kwa ujumbe wa JSON, maandishi yaliyopangwa ili programu iyasome. Joto likipita nyuzi sita, programu ya shangazi ilipaswa kuiliza simu ya mtunza tangi.

"Kwa kawaida ujumbe huja na majina," shangazi alimweleza, "nayo Go huyalinganisha na majina yaliyo katika struct yetu, ile fomu ya data ndani ya programu, ikaijaza yenyewe. Kifaa hiki hutuma safu ya namba tupu. Ya kwanza ni namba ya tangi, ya pili ni joto. Kwa hivyo ni lazima sisi wenyewe tuandike ipi iingie wapi. Andika kipande hicho, mwanangu, kisha ukijaribu kwa jumbe hizi kumi."

Nasima akaandika. Ujumbe wa kwanza ulihusu tangi la nne, joto nyuzi nne. Majibu yalitoka sawa. Nje, rafiki yake Faiza alikuwa akimwita wakaruke kamba.

"Umezijaribu zote?" shangazi akauliza.

"Zote, shangazi," Nasima akajibu, akatoka.

Programu ilianza kutumika Alhamisi. Ijumaa jioni mtambo wa kupoza wa tangi la nne ulikufa bila kelele. Jumamosi mchana Titus, mtunza tangi hilo, alipofungua mfuniko, maziwa yalikuwa yamechacha. Maziwa ya wafugaji thelathini yalimwagwa mtaroni.

"Simu haikulia," Titus alisema. Mwenyekiti wa chama hakumsadiki. Akamfuta kazi siku hiyo hiyo.

Habari zilipofika Voi, shangazi alisikitika. "Huenda alipitiwa na usingizi, maskini," alisema.

Nasima alizikumbuka zile jumbe tisa ambazo hakuzijaribu. Shangazi alipokwenda sokoni, Nasima aliifungua kompyuta, akajaribu ujumbe wa pili: tangi la pili, joto nyuzi kumi na tisa. Programu ikasema tangi la kumi na tisa, joto nyuzi mbili. Alikuwa amezigeuza namba, kwa hivyo joto la tangi la nne lilisomeka nyuzi nne siku zote. Ujumbe wa kwanza haukuweza kumwonyesha kosa hilo, kwa kuwa namba zake zilifanana.

Siku hiyo hakula. Shangazi aliporudi alimkuta bado ameketi pale.

"Shangazi, nilijaribu ujumbe mmoja tu," alisema. "Titus hakulala."

Mwanamvita alisoma yaliyokuwa kwenye kompyuta, kisha akaifunga. "Kesho tutapanda Werugha," alisema. "Utayasema haya wewe mwenyewe."

Ukungu ulikuwa umeufunika mlima walipofika. Katika ofisi ya chama, Nasima alieleza kila kitu mbele ya mwenyekiti na Titus. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi arudie.

"Hata mke wangu hakuniamini," Titus alisema. Hakumtazama.

Mwenyekiti alimwomba Titus radhi, akamrudisha kazini. Nasima alizipanga upya namba, akazijaribu jumbe zote kumi wakimwona. Safari hii simu ya Titus ililia kila ilipopaswa kulia. Hakuna aliyefurahi. Nje, mtaro bado ulinuka maziwa.

"Kugeuza namba ni kosa la anayejifunza," shangazi alimwambia walipokuwa wakishuka kwenda barabarani. "Mimi nami hukosea, ndiyo maana hujaribu. Na mimi nina lawama, sikuikagua kazi yako. Lakini uliponiambia 'zote', niliacha kutafuta kosa, na aliyeadhibiwa ni mtu asiyekujua. Kazi usiyoifanya, mwanangu, sema hukuifanya. Utaaibika kwa dakika moja, basi."

Nasima aliitikia kwa kichwa.